Sahani Moja kwa Kila Vunjajungu

Mimi ni mtu wa kuogopa wadudu, tena si kidogo. Mende akikatiza jikoni mimi niko juu ya stuli, na kwa unene huu nilionao, anayestahili kuonewa huruma hapo ni stuli. Binti yangu wa pekee alizaliwa kinyume changu kabisa. Tangu hajaota meno ya mbele alikuwa akiokota viwavi na kuniletea kama zawadi. Nilimchapa, nikambembeleza, nikachoka. Akakua, akasoma, akawa mtaalamu wa wadudu, akaajiriwa kwa kazi ile ile niliyokuwa nikimchapia.

Kwa hiyo alijua vizuri anachofanya siku aliponipa sharti lake kupitia mlangoni.

"Mama, acha kunigongea," alisema kutoka ndani. "Ukitaka nile, niletee vunjajungu. Umkamate mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Kila aina, sahani moja. Ukirudia aina, usinigongee tena siku hiyo."

Alitaka nimwache, basi. Alijua mama yake hawezi kushika hata kipepeo.

Mume wake alikufa wakati yeye yuko msituni kikazi, huko ambako simu haipati mtandao. Homa ilimwanza kama mzaha, akalazwa, na kabla hatujajua tumeshikwa na nini akawa ameondoka. Tulimpigia mwanangu simu mpaka masikio yakauma. Ndugu wa mume walisubiri, wakasubiri, mwisho wakasema maiti haiwezi kuendelea kukaa. Tukazika. Mwanangu akarudi na mkoba wake wa chupa mgongoni, bado anacheka na dereva aliyemshusha. Alisimama getini akatutazama mmoja mmoja, tulivyojaa uani, na nikaona kabisa kwamba anamtafuta mumewe kati yetu. Hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumwambia. Nilimwambia mimi.

Nikamchukua nikamleta kwangu. Aliingia kwenye chumba alicholala akiwa msichana, akajifungia. Maji alikunywa, chai mara moja moja. Sahani nilizompelekea nilizirudisha jikoni kama zilivyokwenda. Mimi ni fundi cherehani. Mwili wa mtu nausoma kwa macho bila kushika futi. Kila alipotoka kwenda msalani nilimwona amepungua mabegani, amepungua kiunoni, gauni linamzunguka kama limetundikwa kwenye msumari. Nilikuwa namwona mwanangu anaisha, na hakuna cherehani ya kurekebisha hilo.

Mdogo wangu ni muuguzi. Alikuja akampima mapigo, akanivuta pembeni jikoni.

"Dada, akiendelea hivi figo zitagoma. Tumpeleke akawekewe dripu."

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini kali. "Mama mdogo, nakusikia. Hospitali ile ile? Mkinipakia kwenye gari nitafungua mlango likiwa kwenye mwendo."

Tulitazamana. Mwanangu hatishii watu. Akisema jambo amesema. Ndipo nilipochukua chupa tupu ya jamu, nikapiga moyo konde, nikatoka nje.

Nyuma ya nyumba yangu kuna ua wa michongoma unaonitenganisha na jirani, fundi bomba, na kando yake kuna tangi la maji lililotulia kivulini mwa ukuta mrefu wa matofali. Nilianza hapo. Niseme ukweli, kumtafuta vunjajungu ni kazi ya kumwaibisha mtu mzima. Unasimama, unakodoa macho, huoni kitu ila majani. Unainama, miiba inakushika kichwani, bado ni majani. Halafu jani moja linapiga hatua.

"Jirani, umepoteza nini humo?" fundi bomba aliniuliza kutoka upande wake. Aliona makalio yangu tu, nadhani.

"Natafuta vunjajungu."

"Wa nini?"

"Wa chakula."

Kupitia kwenye miiba nilimwona ananiangalia kama mtu anayefikiria ampigie nani simu.

Wa kwanza alikuwa mkubwa, kijani kibichi, ana doa jeupe kwenye kila bawa. Amekunja mikono kifuani kama anaomba dua. Nilipomsogelea aligeuza kichwa akanitazama. Wadudu wengine hukimbia; huyu anakuangalia begani kama mwenye nyumba anayeuliza umefuata nini. Roho ilinitoka. Nilifumba macho nikaifunika chupa juu yake, nikasukuma kipande cha karatasi chini, na mayowe niliyopiga fundi bomba aliyasimulia mtaa mzima.

Nikagonga mlango. Ukafunguka upenyo wa kutosha jicho. Jicho likaitazama chupa, likanitazama mimi, miiba kichwani.

"Umemkamata wewe?"

"Nani mwingine?"

"Huyu ni yule wa kawaida. Jike, tumbo limejaa mayai. Mrudishe pale pale ulipomtoa." Halafu, kama mtu aliyeshindwa kesi: "Weka sahani chini."

Niliketi kwenye korido, mgongo ukutani, nikasikiliza kijiko kikigonga sahani. Nililia huku nimeuma pindo la gauni nisimsumbue.

Kesho yake nilimwona mwingine kwenye nyasi kavu karibu na kamba ya kuanikia nguo. Rangi ya kahawia, nadhifu kama suti ya mkurugenzi. Nikasema leo mambo yamejipa. Nikaupeleka mlangoni ule ushindi wangu na sahani ya wali na maharage juu.

"Ni yule yule, mama."

"Yule yule vipi? Yule kijani, huyu kahawia! Mimi si kipofu."

"Rangi si kitu. Akikulia kwenye kijani anakuwa kijani, akikulia kwenye makavu anakuwa hivi. Tazama shingo, tazama mikono, tazama bawa lilipoishia. Umerudia aina." Mlango ukafungwa.

Wali ule niliumwaga. Nilikaa kwenye cherehani nikiwa na hasira ya kumpiga mtu, na mbele yangu yametundikwa magauni mawili ya mteja mmoja, mkato mmoja, moja la bluu na jingine la maua. Mteja angekuja akaniambia hizo ni nguo mbili za mitindo tofauti ningemcheka. Fundi mzima, miaka yote hii, nilikuwa nimetazama kitambaa badala ya mkato.

Toka hapo nikaanza kuwatazama kama ninavyotazama nguo ya mtu. Huyu kola yake ndefu, yule hana shingo. Huyu mikono imepanuka kama ya bondia aliyevaa glavu, anairusha huku na huku akiwa peke yake tawini, sijui anagombana na nani. Mwingine amebanana na gome la mti wa mlangoni, bapa, kijivu, hata nilipomgusa kwa kijiti nilidhani nabandua gome. Mwingine mwembamba kama ujiti wa ufagio, miguu imenyooka, unampita mara kumi. Hao wote walikuwa sahani. Mmoja nilimkuta kwenye maua ya mbele, mweupe na waridi, mwili mzima umejaa vipembe, na alipofungua mabawa kunitisha kulikuwa na mduara kama jicho kwenye kila bawa. Huyo hata mimi nilisahau kumwogopa. Mwanangu alimtoa kwenye chupa kwa kidole, akamwacha apande mkononi, akamtazama muda mrefu.

"Huyu yeye alikuwa akimpenda," alisema. Hakumtaja mumewe, lakini ndiye. Alikula akamaliza, kisha akatapika yote. Nikajua si suala la vunjajungu.

Mara nyingine nilikosea. Nilimletea kijiti kinachotembea akasema huyo si vunjajungu kabisa, hana mikono ya kukamatia, ni mla majani tu. Nilimletea kadogo kasiko na mabawa, nikaapa ni aina mpya, akasema ni mtoto wa yule wa kwanza, bado hajavua ngozi ya mwisho. Nikawa mjanja. Nilimletea kijitawi chenye fuko la mayai limekauka kama povu la sabuni.

"Humu wamo zaidi ya mia," nilimwambia. "Unanidai mia, au nakudai mia?"

"Mayai hayahesabiwi, mama." Lakini pembe ya mdomo ilisogea. Nilitembea na kile kipembe cha mdomo siku nzima, nikishona sare za shule huku najichekea.

Kisha fundi bomba akanifanyia wema.

Alikuwa ameniona ninavyotoka kwenye michongoma nimechanika mikono. Akaona, jirani yangu huyu atatoboka jicho. Nikiwa nimekwenda kununua uzi, akashika panga akaupunguza ule ua wote mpaka kimo cha goti, akafyeka nyasi kuzunguka tangi, akakusanya takataka akazitia moto. Niliporudi moshi ulikuwa unafuka na yeye amesimama anapangusa jasho, anatabasamu.

"Sasa utawaona vizuri," aliniambia.

Nilimwangalia. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangevunja ujirani wa maisha. Nikamwambia asante. Nikaingia ndani, nikafunga mlango wa jikoni, nikapiga kichwa changu ukutani.

Baada ya hapo ilikuwa mkono mtupu. Nilizunguka nyumba asubuhi, mchana, jioni. Nilipekua maua ya mbele, nikapanda stuli nikatazama juu ya mlango, nikaenda mpaka kwenye mtaro wa barabarani watu wakinipita wananiangalia. Niliwapata wa kijani, wa kahawia, mtoto wa yule wa kijani. Niliwapeleka hata hivyo.

"Umerudia, mama."

"Mwanangu, kula. Nakuomba. Niko chini ya miguu yako."

"Tulikubaliana."

"Nani alikubaliana? Wewe ulisema, mimi nikatii! Mimi ndiye niliyekuzaa, halafu unanipa masharti kama mwenye nyumba?" Nilipiga ule mlango kwa viganja vyote viwili. "Unataka nikuzike na wewe? Sema! Nimeshazika mume, nimeshazika mkwe, wewe nitakuzika na nguvu gani?"

Nilisikia kitanda kikilia, amegeukia ukutani. Mdogo wangu alikuja jioni ile, akampima, safari hii hakunivuta pembeni. Alinikalisha. Akasema hata kama mtoto anatishia kuruka garini, kesho kutwa tutamfunga mkanda na kumpeleka. Alisema akiwa analia, na yeye huwa halii kazini wala nyumbani.

Nikampata mmoja dirishani asubuhi iliyofuata, upande wa ndani wa wavu. Alikuwa amekufa, amekauka. Ni yule yule wa kawaida, mkubwa, rangi imegeuka ya majani ya chai. Nilimtazama pale kwenye kiganja. Sikushtuka hata kwamba niko naye kiganjani. Nilikuwa natazama mkato tu, na nikajiuliza, angekuwa na kola je?

Sijui kama mtu mwenye akili timamu angefanya nilichofanya. Nilivuta kiti karibu na dirisha. Nilitafuta kwenye mfuko wa vipande, nikapata kitambaa chepesi cha shela ya bibi harusi mmoja, kile kinachopitisha mwanga. Nilikilowesha kwenye majani ya chai kikashika rangi yake. Nikakata kola nyembamba, nikaikunja, nikaizungusha shingoni mwake kwa sindano ndogo kuliko zote nilizonazo. Kisha mapajani nikamwekea vibapa kama majani yaliyosinyaa. Kichwani nikamsimamishia kipembe. Miguu ilikuwa mikavu, ukikohoa inavunjika. Nilizuia pumzi mpaka kifua kikauma.

Katikati ya kazi mteja akaingia, mwanamke ambaye harusi ya mdogo wake ilikuwa imekaribia.

"Gauni langu tayari?"

"Bado."

Akasogea, akainama. "Na hicho unachokishona ni nini?"

"Koti."

Akamtazama mwenye koti, akanitazama mimi, akasema atarudi wiki ijayo. Mpaka leo hajarudi, na gauni lake lipo.

Nilimweka kwenye kifuniko cha kopo la vifungo, juu ya pamba. Nikapakua sahani, nikaenda mlangoni. Nilikuwa nakwenda kumdanganya mtaalamu katika kitu alichokisomea, na nisipomdanganya, kesho mdogo wangu anakuja na gari.

Mlango ukafunguka. Alikuwa ameegemea fremu, hawezi kusimama bila kushika kitu. Alinyoosha mkono kukichukua kifuniko nami nikaogopa atakigeuzageuza, basi nikamwinua yule mdudu mwenyewe kwa vidole vyangu viwili, nikamwekea kiganjani taratibu.

"Nimemkuta amekufa," nilisema. "Kule nyuma, kwenye ukuta wa tangi."

Akamsogeza kwenye mwanga. Akamtazama juu, akamtazama ubavuni. Alimtazama sana. Nilijiona nimekwisha. Midomo yake ikatetemeka, nikadhani sasa atanifukuza.

"Huyu simjui," alisema.

"Humjui?"

"Sijawahi kumwona popote." Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu. "Lete sahani, mama."

Alikula yote, na hakutapika. Nilisimama jikoni nikajisikia fundi, wa kweli, wa kwanza hapa duniani. Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia gari aliache.

Kesho yake niliamka nikakuta mlango wa chumba uko wazi na kitanda kitupu. Nilikimbia mpaka nje, na huko nikamwona, amejifunga shuka, amepiga magoti kwenye ukuta wa tangi, anapekua.

"Kama alikuwepo mmoja yupo mwingine," alisema bila kugeuka. "Nataka kumwona aliye hai."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoisha.

Kwa maana alirudi pale siku iliyofuata, na iliyofuata. Alitoka jua likichomoza, akazunguka ule ukuta tofali kwa tofali, akaingia kwenye mashina ya michongoma yaliyobaki, akapekua chini ya tangi kwenye unyevu. Jioni alikula, kidogo, akalala, akarudi. Fundi bomba alisikia habari, akajiunga kwa muda akitazama upande wake, masikini, akiamini amemchomea jirani mdudu wa ajabu kwa mikono yake. Aliniomba msamaha mara mbili. Nilimpa chai na sikuweza kumtazama usoni.

Mdogo wangu nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Shona mwingine, dada."

"Anataka aliye hai. Nimshone na pumzi?"

"Basi mwambie."

"Nikimwambia atarudi ndani. Na akirudi ndani kwa sababu ya uongo wangu, hatatoka tena kwa ajili ya mtu yeyote. Unamjua."

Anamjua. Akanisaidia kukunja nguo.

Nililala usiku nikihesabu njia zote, na zote zinaishia kwenye mlango uliofungwa. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, mwanangu anazunguka juani na mwili ule wa karatasi, anatafuta kitambaa cha shela. Sikuwa na mbele wala nyuma. Chakula chenyewe nilichokuwa nikimpikia, mimi nilikuwa sikimezi.

Siku moja mchana nilitoka kuanika nguo nikamwona ameegemeza ngazi ya fundi bomba kwenye ukuta. Amepanda mpaka karibu na juu, ananyoosha mkono kwenye ufa ulioko pembeni, mguu mmoja umeinuka. Ngazi ikayumba. Nilidondosha beseni. Nilifika pale sijui vipi, nikaikumbatia ngazi na miguu yake kwa pamoja, uso wangu kwenye mifupa ya magoti yake.

"Shuka!" nilipiga kelele. "Shuka, hayupo! Hayupo, mwanangu, hajawahi kuwepo! Nilimshona mimi!"

Akashuka, kipandio kwa kipandio. Nilibaki nimeshika ngazi, nimefumba macho, nasubiri kusikia nyayo zake zikielekea ndani.

"Najua, mama," alisema.

Nikafumbua macho. "Unajua nini?"

"Nimevaa nguo zako tangu nizaliwe. Ile kola uliikunja mara mbili, ukapiga pindo la kuficha, fundo ukalizamisha kwa ndani. Hakuna mdudu anayeota hivyo." Alijifuta vumbi mikononi. "Na kibapa kimoja cha mguu ulikiweka nje ndani. Ulikuwa unatetemeka."

"Ulijua tangu pale mlangoni?"

"Kabla hata hujamwachia."

"Sasa mbona ulikula?"

Aliketi chini kando ya mashina ya michongoma, mahali palipo wazi. Alipumua kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

"Ulimshika kwa vidole," alisema. "Wewe. Nilivyokupa lile sharti nilidhani utajaribu siku moja utaacha, nami nitaachwa. Nikakuona umemshika hivyo, hata hukumbuki kuogopa, nikasema, huyu mama atakufa kabla yangu. Nikala."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba mgongoni. "Kama ulijua, siku zote hizi unatafuta nini humu? Unapanda ngazi unatafuta nini?"

Aliokota jani kavu, akaligeuza upande huu na upande ule.

"Nikiwa ndani namtafuta yeye," alisema. "Sikumwona, mama. Mlimzika sikumwona. Kichwa kinaniambia yuko mahali, hujatafuta vizuri. Geti likilia nainuka. Mtu akikohoa barabarani nainuka. Siku nzima, nimelala, natafuta. Nachoka kuliko hivi." Alitupa jani. "Huku nje natafuta mdudu ambaye najua hayupo. Simpati, na kutompata hakuniumizi. Ndiyo nafuu pekee niliyo nayo."

Nilikuwa na maneno mengi ya mama, ya kufariji, ya kumwambia atapona. Yote niliyaona mepesi, nikayaacha. Nguo zangu zilikuwa kwenye matope pale zilipomwagika. Niliziruka nikaenda jikoni, nikapakua sahani mbili nikarudi nazo. Alipokea yake, akala amesimama, macho kwenye ukuta.

"Kule pembeni umeshatazama?" nilimuuliza.

"Bado."

Nikameza tonge moja, nikaweka sahani yangu juu ya tangi, nikainama pale pembeni nikaanza kupekua majani.